Vipande Vinavyohama, na Mdomo Wangu Kule Mbuba

Hili la Mbuba, kijiji cha karibu na mpaka wa Burundi, mama yangu hajui mpaka leo, kwa hiyo mkicheka mcheke taratibu, maana aibu niliyoipata siku ile, kweli tena, ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, ninakosomea mambo ya jeni na saratani, na nesi wa zahanati, dada Editha, akaniomba niongee na kina mama baada ya misa ili wakubali kupimwa matiti. Alimlenga hasa Mama Spesioza, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na kila akiambiwa aende hospitali anajibu, "Nikimaliza kuvuna maharage." Maharage yakaisha, yakaja mahindi.

Sasa mimi nilikuwa na maelezo mazuri kwenye karatasi, lakini nikasema ah, karatasi ya nini, nitawapa mfano (hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi). Nikawaambia ndani ya jeni zetu kuna vipande vinavyohama, vinatoka huku vinajichomeka kule, vingi mwili umevifungia, ila kufuli zikilegea vinawasha jeni zilizotakiwa kulala, seli zinazaana ovyo, saratani hiyo. Wakawa wananitazama tu. Nikaongeza kwa furaha, "Yaani ni kama wakimbizi! Wanaingia nyumba isiyo yao, wanawasha taa bila ruhusa!"

Nusu ya kina mama pale familia zao zilivuka mpaka zikikimbia kutoka Burundi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikarekebisha: "Sisemi nyinyi, nasema wale wabaya!" Ndiyo nikawa nimemwagia moto petroli. Mama Spesioza akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Dada Editha akaninong'oneza, "Miezi minne namwomba, wewe umemfukuza kwa dakika tano."

Nikamkimbilia na viatu vyangu vya mjini kwenye tope la mvua ya asubuhi, nikateleza, nikatua kwa magoti mbele yake, gauni jeupe lote udongo mwekundu, na kina mama wote wameshatoka nje wanatazama (mmoja alipiga vigelegele, simtaji).

"Nisamehe mama, nimekosa."

"Inuka. Hivyo vipande vyako, vyote vinaharibu?"

"Hapana, mama. Vingine vimekaa mpaka mwili umevipa kazi, vinasaidia kuwasha jeni zinazotakiwa. Hata kondo la nyuma la mtoto linavitegemea."

"Kumbe! Tumelima hapa miaka yote, mmekula maharage yetu, halafu hilo ndilo uliloliacha? Mwalimu gani wewe?" Akacheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikalia, sijui ni kwa aibu au kwa nafuu. "Jumatatu nakwenda. Ila utanipeleka wewe, na njiani unieleze vizuri."

Ilikuwa saratani kweli, lakini imewahiwa. Wameutoa uvimbe, anaendelea na dawa, na sijawahi kumshukuru mtu kama ninavyomshukuru yule mama kwa kunisamehe palepale kwenye tope. Nimeapa: kufananisha ugonjwa na watu, basi tena, na nikishaharibu sentensi ya kwanza, ya pili siitamki.

Siku ya kulazwa karani aliuliza ndugu wa karibu wa mgonjwa ni nani. Nikarudi nyuma kumpisha mwanawe. Mama Spesioza akaninyooshea kidole mimi.

"Andika huyo. Ni mwanangu, ana mdomo mbaya tu."