Siku Nilipomwamrisha Baba Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomwomba baba mkwe radhi katikati ya kijito cha Kiongoroni, na kabla sijamaliza kuomba, chombo cha serikali kikapanda tope na sisi sote ndani. Nimesikia umechaguliwa kwenda kusomea uafisa wa jeshi la wanamaji, na kwamba huko utakuta watu wa umri wa baba yako wakikupigia saluti. Basi kaa kwanza. Chai inakuja.

Enzi ya Mwingereza, wakati wa vita vya pili, uafisa haukuwa wetu. Nyota za begani zilikuwa za Wazungu. Mtu mweusi akipanda sana aliishia kuwa sarahangi, yaani mkubwa wa mabaharia, ashikaye usukani na kutoa amri. Usinicheke. Kwetu Salale huo ulikuwa ukubwa wa kumfanya mtu atembee kifua mbele hata akienda chooni. Mimi nilikuwa baharia wa kawaida katika motaboti ya serikali iliyokuwa ikilinda milango ya mto, na sarahangi wetu alipohamishiwa Dar es Salaam, ilibidi apatikane mwingine.

Afisa wetu, Mzungu mfupi mwenye masikio mekundu, alikuwa na namna yake ya kuchagua. Alitupima kusoma bendera za ishara, kujua vijito na kushika usukani. Kisha akatuita mmoja mmoja, akamwuliza kila mtu, kama si yeye, angependa nani amwamrishe. Wengi wakanitaja mimi. Lakini utepe wa cheo haukushonwa mkononi papo hapo. Kwanza wewe ulipewa safari za majaribio, afisa amekaa nyuma anakutazama kisogo, na ukiharibu unarudi ulikotoka.

Furaha yangu ilikuwa na doa moja. Mtu wa upondo, yule anayesimama mbele kabisa na mti wake mrefu kupima kina na kusukuma chombo kwenye kona, alikuwa baba mkwe wangu. Nilikuwa nimemwoa binti yake Zena mwezi uliotangulia. Unajua kwetu mkwe anavyostahiwa: unampisha njia, humtazami usoni, jina lake hulitamki, na sauti huinui hata nyumba ikiungua. Naye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo kwenye kona alingoja aambiwe asukume lini na wapi.

Safari yangu ya kwanza ya majaribio, tulipofika kwenye kona kali ya Kiongoroni, mikoko ikatujia usoni. Nilitakiwa kupaza sauti kwa neno moja tu. Mimi nikakohoa kwanza, nikasema, "Samahani mzee, kama hutaona taabu, naomba..." Tayari tulikuwa tumekaa topeni.

Afisa hakutukana. Alitazama saa yake, akasema kwa Kiswahili chake, "Kesho tena. Kesho wewe panda tope, wewe rudi funga kamba." Akawasha kiko. Maji yalikuwa yakitoka, ikabidi tungoje yajae, jua likituchoma utosi. Nilitamani kuteremka niende kwa miguu mpaka Kibiti, nikajifiche huko.

Baba mkwe akaja nyuma, akaketi karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ndoa. Nikainamisha kichwa.

"Inua uso," akasema. "Humu ndani mimi nani?"

"Baba mkwe, mzee."

"Humu mimi ni mtu wa upondo. Huyo mkweo nimemwacha nyumbani, utamkuta jioni. Heshima uliyonipa leo, mwanangu, kule mlangoni penye mawimbi ingetuzamisha sote, na binti yangu angekaa eda hina haijamtoka mikononi. Ndiyo unayomtakia?"

Nikasema simtakii. Niliona haya, na papo hapo nilimpenda mzee yule kuliko siku aliyoniozesha. Angeweza kukaa kimya nishindwe, na heshima yake ya ukwe ibaki vilevile mbele ya watu.

Kesho yake, kona ileile, nilipaza sauti hadi ndege wakaruka mikokoni. "Upondo kulia! Sukuma!"

"Ewallah, sarahangi!" akaitika, akasukuma kwa kifua chote. Chombo kikageuka, tukapita. Fundi wa mashine, mtani wangu wa Kimatumbi, alicheka mpaka akakaa chini, akasema jioni Zena atanilaza nje.

Tulipofunga kamba Salale, afisa akaniambia utepe ni wangu. Nilishuka mbio, nikavua viatu, nikampokea baba mkwe kikapu chake, nikamfuata nyuma macho chini. Afisa alitutazama asielewe kitu, maskini. Njiani nikathubutu kumwuliza mzee kama haikumuuma kufokewa mbele ya watu na kijana aliyemwoa binti yake.

Hakugeuka. "Mtu niliyemkabidhi Zena," akasema, "nitashindwaje kumkabidhi roho yangu?"

Mwanangu, wakubwa watakupima akili na miguu, watakuvisha nyota, na ni haki yao. Lakini wale wazee watakaokuwa chini yako wameziweka roho zao mikononi mwako, na hizo hazishonwi begani. Usiwaonee haya. Waamrishe upesi, kwa sauti wanayoisikia, bila tusi hata moja. Ukimnyamazia mzee kwa adabu pale penye hatari, hujamheshimu, umemtupa. Na ukishavua sare, mpishe njia, mpokee mzigo, keti chini yake.

Nenda, baba. Mwenyezi Mungu akuwekee watu wema mbele yako na nyuma yako, akupe sauti panapotakiwa sauti na unyenyekevu panapotakiwa unyenyekevu, na kila uliyeondoka naye akujalie urudi naye kwa mkewe na wanawe. Amin. Sasa kunywa chai.