Sombe ya Veridiana

Veridiana alikuwa mpishi wa sombe, yale majani ya muhogo, asiye na mpinzani Louisville nzima, na anayebisha basi hajala. Kilichomharibia jina ni kipaji.

Kule mtaa wa Beechmont aliajiriwa kumtunza Bibi Dolores, mzungu mzee aliyeigiza jukwaani na kwenye sinema miaka ya hamsini. Maisha yake yote ya uigizaji bibi yule alipewa nafasi za wanawake wabaya tu, mpaka wenye maduka wakawa wanamnunia. Ndiye aliyemfundisha Veridiana: "Mwovu hapigi kelele, binti. Anatabasamu huku anakukaribisha mezani."

Basi kanisa likaandaa mchezo wa Pasaka, Veridiana akawa mama wa kambo atiaye sumu kwenye sombe. Alitabasamu, jamani! Wazee wa kanisa walisogeza viti nyuma. Tangu Jumapili ile, sufuria yake ikawa inarudi kutoka kanisani imejaa. Watu wazima, waliokimbia vita vya kweli, wanaogopa mchezo!

Akahamia Columbus, kazi ya ghala. Video ya mchezo ilikuwa imemtangulia. Akafungasha tena kwa hasira, moja kwa moja Buffalo, mtaa wa Riverside, kwa bintiye Nadine, mchumba wa Elisée, kijana wa Kikongo.

Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, alipika. Baba yake Elisée, Mzee Bagula, ambaye naye video ilishamfikia, aliitazama ile sombe kama ameona nyoka.

"Bon, mama, onja kwanza. Batu balisema mingi."

Kijiko kimoja tu kingemaliza maneno, na Nadine alikuwa akimsihi mama yake kwa macho. Lakini damu ilishachemka.

"Nionje? Nyumbani kwa mwanangu? Kwani mimi mshitakiwa, mkwe?"

"Donc, ni usalama tu..."

"Usalama uliokuleta Marekani haukutoshi, mpaka uutafute kwenye sufuria yangu?"

Akamtolea tabasamu lile la video. Mzee akashika kofia yake. Veridiana akainyakua sufuria, akaingia jikoni, akabamiza mlango. Nadine akaangua kilio. Ndoa aliiona imekwenda.

Elisée akainuka, akaufungua ule mlango.

"Elisée! Rudi hapa!" baba yake akafoka.

"Niko nakuya, papa," kijana akajibu kutoka jikoni, mdomo umejaa sombe.

Veridiana hakucheka hata kidogo. Alimwongezea upawa wa pili, akasema kwa sauti ya kufika sebuleni:

"Wewe utaoa. Huyo mwingine mkamnunulie chipsi."