Maneno Yaliyo Ndani ya Bitana

Mama Mdogo hajui Kiingereza, na wala msimwonee huruma. Anachojua ni maneno ya Kiingereza, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mwulize saa kwa lugha hiyo, atakutazama kana kwamba umemkanyaga kidole. Lakini mwombe neno lenye Z na Y pamoja, atatoa pini mdomoni na kukupa manne hapo hapo. Maana yake? "Maana tafuteni ninyi mlio na nafasi," husema. "Mimi nina zipu za kutia."

Ni fundi wa nguo, mdogo wake mama yangu, na ugonjwa wake ni ule mchezo wa kupanga herufi mezani kuunda maneno. Kamusi alirithi kwa mteja aliyeisahau dukani asirudi tena. Daftari hakuwa nalo, kwa hiyo maneno aliyaandika pale pale alipokuwa: kwa kalamu ya risasi, upande wa ndani wa kitambaa, kabla ya kukifunika kwa bitana. Kila herufi sumbufu akaipa mtu wa kuibeba. Maneno ya X yako kwenye koti la nesi. Ya J yamo ndani ya kola ya kinyozi. Ya Z yamezunguka kiuno cha mwoka mikate, na kiuno kile kina nafasi, jamani. Wenyewe hawakuwa na habari. Akikwama mchezoni, Mama Mdogo hutazama mlangoni. Nesi akipita tu, anakumbuka mshono kwa mshono aliandika nini wapi, na neno linarudi. Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni umbea.

Maneno ya Q aliyaweka ndani ya suti ya mumewe. Baba Mdogo ndiye pekee aliyeambiwa siri hiyo, na alicheka hadi akakaa chini. "Siku nikifa," alisema, "nitafika juu nimejaa Kiingereza. Malaika wakinisemesha, nitaumbuka!" Akafa kweli, miaka mitatu iliyopita, akazikwa na suti ile kwa kuwa ndiyo aliyoipenda. Tangu hapo Mama Mdogo akiokota Q huirudisha kwenye kifuko cha herufi na kupoteza zamu. "Hii ina kisirani," husema, kisha anapenga kamasi.

Sasa njooni kwa baba yangu. Mungu anisamehe, baba yangu anajisikia. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na hata akipiga chafya unangoja airekebishe. Mama Mdogo alilelewa kwake, na alipofika miaka kumi na mitatu, Baba alimtoa shule. Alitamka mbele ya wote, chakula kikiwa mezani: "Huyu kichwa chake hakishiki kitu. Mpelekeni kwenye cherehani." Mama Mdogo alimaliza kula, akaosha vyombo, akaenda kwenye cherehani. Baadaye makoti yote saba ya Baba alishona yeye, na hakuwahi kulitaja jambo lile.

Alilitaja Jumamosi moja, kwenye meza yake ya kukatia nguo, nesi, kinyozi na mwoka mikate wakiwa wamekuja kutazama.

"Shemeji, leo tucheze kweli kweli. Ukinishinda, sanduku la herufi chukua, na kamusi chukua, sichezi tena maishani. Nikikushinda, utasema ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Unajua."

Baba akatazama dari. "Haya. Usije ukalia tu, shemeji."

Mimi nilipewa kazi ya kuandika pointi, maana kila mmoja aliamini niko upande wake.

Baba kila akipanga neno alilisoma kwa sauti ya darasani na kutufafanulia maana, kana kwamba kuna aliyemwuliza. Mama Mdogo akamkaza macho nesi, akapanga neno lenye X. "Nina doa?" nesi akauliza, akijikung'uta. Mama Mdogo akamgeukia mwoka mikate, akatoa la Z. Mwoka mikate akavuta shati kuficha tumbo. Lakini Baba naye si wa kuchezea. Kufika saa kumi na moja kifuko kilikuwa kitupu, Mama Mdogo yuko nyuma kwa pointi ishirini na tatu, amebakiwa na herufi nne. Mojawapo Q, na hapakuwa tena na pa kuirudisha.

Akatazama mlangoni. Apite nani? Aliyebeba maneno yale yuko kaburini.

"Kukubali yaishe nako ni akili," Baba akasema.

Mama Mdogo akafumba macho. Mkono wake ukaanza kutembea hewani, polepole, juu ya bega la mtu asiyekuwepo, ukashuka kifuani, ukapapasa mfuko wa ndani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akafumbua macho, akaweka S na Q, akaiazima U iliyokuwa mezani, akamalizia kwa I na D.

"Squid," nikasoma. "Mraba wa mara mbili, pointi thelathini. Na herufi zimemwishia."

Baba alinyakua kamusi. Alijua neno lipo. Alitafuta tu pa kuficha uso. "Ngisi," akasema. "Salale! Nimeshindwa na ngisi!"

"Sema," Mama Mdogo akamwambia.

"Nilikosea," Baba aliiambia meza.

"Kinyozi hajasikia."

"Nilikosea! Kichwa chako kinashika. Kinashika kuliko changu." Sauti ikamkatika, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwonea huruma baba yangu.

Ndipo Mama Mdogo akatueleza maneno anayahifadhi wapi. Vurugu! Kinyozi akajishika kola, nesi akageuza mfuko nje. Baba akalitazama koti lake.

"Na mimi je, shemeji? Mimi nimebeba herufi gani?"

"Livue."

Mama Mdogo akachukua wembe, akaifumua kola taratibu, akaifunua mbele yake. Ndani, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, palikuwa pameandikwa: *Huyu kichwa chake hakishiki kitu.*

Baba alisoma mara mbili. "Ni koti hili tu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Yote saba," Mama Mdogo akasema, akitia uzi kwenye sindano. "Lete na mengine, shemeji. Niyafumue."