Kikapu Kilichozunguka Mara Moja

Jumwa aliingia Bombolulu kutoka Ganze na mtungi wa plastiki kichwani, na mtungini mna ukwaju. Wako wasemao alikuja na mume. Kweli, mume alikuja, siku tatu nyuma yake, na baada ya siku tatu nyingine akapotea, na hata leo hatujui alipopotelea. Ukwaju ndio uliobaki.

Akapanga chumba, ukuta mmoja na changu. Hata kitanda hajakiweka sawa, alikoroga ukwaju wake akaniletea kikombe. Nilipokunywa nikamwona marehemu babu yangu amesimama mlangoni na bakora yake, analamba midomo, ataka naye. Haya, msiamini. Lakini kikombe nilikirudisha kikavu, na tangu siku hiyo Jumwa akawa mwanangu na mimi nikawa Bibi Rahima wake.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alianza kwa kuuza maji ya ukwaju kwa glasi. Kisha akachukua mkopo wake wa kwanza, akaenda Kongowea kwa muuza nyama mmoja, akarudi na friza kuukuu juu ya mkokoteni. Siku lilipochomekwa kwenye stima liliunguruma, wallahi, hata baba wa nyumba ya tatu akatoka mbio na wanawe, akidhani trela la bandari ya Kipevu limekosa breki. Kuku wangu walitaga mayai baridi wiki nzima. Lakini friza lile ndilo lililomfanya Jumwa kuwa Jumwa. Barafu za vijiti, za ukwaju, za ubuyu, za embe. Watoto wa shule wakitoka, mlango wake hauonekani kwa watoto. Alilifuta lile friza kila asubuhi kama mtu afutaye uso wa mama yake mgonjwa.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa kikundi. Sisi wanawake kumi na wawili, kila Jumanne, kibarazani kwangu. Shirika la mikopo lilitupa fedha kwa sharti moja: mmoja akishindwa kulipa ya wiki, sote tumeshindwa. Na kila mmoja aliandikisha kitu cha dhamana. Mimi niliandikisha kabati. Jumwa aliandikisha friza, maana hakuwa na kingine.

Basi tulikuwa na kikapu changu cha ukindu, kimefunikwa leso. Kikizunguka, kila mmoja huingiza mkono umefumbwa, akautoa umefunguka. Aliyetia mia nane na asiyetia hata shilingi, mkono ni uleule. Kisha mimi na Nafula, muuza mbaazi, tukahesabu. Yeye alisoma, mimi natambua rangi za noti, yatosha. Pakipungua, hapana aliyeuliza ni nani. Kikapu kilizunguka mara ya pili, kimya, kila mwenye kidogo akaongeza, hata kikatimia. Tuliita kufunika.

Na tulifunikana kwa majira. Mimi muuza uji na mahamri, Nafula na mbaazi zake za nazi, wakati wa masika ndiyo arusi yetu. Nani anunue barafu huku meno yagongana? Kwa hiyo Aprili na Mei tulimfunika Jumwa, tukijua na tusiseme. Likifika jua la Januari, lile la kukaanga mayai juu ya bati, hapana anywaye uji, na Jumwa akatufunika sisi. Miaka sita hatukupungukiwa Jumanne hata moja.

Afisa wa mikopo wetu alikuwa Kefa, kijana wa bara, mpole, shikamoo yake haikosi. Kila kikapu kilipoanza mzunguko wa pili, Kefa aliinama kufunga kamba za viatu. Naye huvaa makubadhi. Makubadhi hayana kamba.

Mwaka juzi, katikati ya mvua za Mei, Kefa akatuambia tutapata wageni. Wanafunzi wa chuo wanaojitolea, hawalipwi hata nauli, wamekuja wiki nane kuliangalia shirika na kulishauri lifanye kazi vipi.

"Wanafunzi ndio wamshauri mwalimu?" nikauliza.

"Ndiyo dunia ya sasa, Bibi."

Siku ya wageni niliwaita wenzangu mapema. Nikawaambia, leo kikapu kizunguke mara zote mbili kabla hawajafika, wakija wakione kikizunguka mara moja tu, kimetimia. Mgeni haonyeshwi sufuria upande wa masizi.

Jumwa, asiyesema, siku hiyo akasema. "Bibi, si tuwaambie tu kama ilivyo? Wamekuja kusaidia."

"Nyamaza, mwanangu. Shida ya nyumbani haipewi mgeni aiandike."

Akanyamaza. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Yaandikeni hayo.

Wakaja wawili. Msichana wa Nairobi, Cheryl, na mvulana wa Kizungu ambaye jina lake lilitushinda, tukampa la Katana, akalipokea kwa furaha.

"Shikamoo, Bibi," akasema Cheryl.

"Marahaba. Huyu mwenzio amepauka, mwamlisha nini?"

"Ako tu hivyo, Bibi. Ametoka mbali."

Walikuwa watoto wazuri, sitawasingizia. Katana alikula barafu sita za Jumwa kwa kikao kimoja, tumbo likamwendesha siku mbili, na ya tatu akarudi kutaka ya saba. Kikapu kilizunguka, kikatimia, Katana akatazama saa yake akaandika. Kisha Cheryl akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye baraza, "Bibi, mtu akikosa pesa ya wiki, huwa mnafanya nini?"

Hapo ndipo ulimi wangu uliponitoka.

"Kukosa? Kukosa ndiyo nini? Kuna mwenzetu uchungu ulimshika papa hapa kibarazani. Tukamwambia twende hospitali. Akasema ngojeni, sijatia mkono kikapuni! Akalipa kwanza, kisha akazaa. Na mtoto alitoka kafumba ngumi. Kuifungua, mna shilingi ishirini."

Wenzangu walicheka, Nafula akaangukia ndoo. Cheryl alifasiri huku machozi yakimtoka. Katana hakucheka. Aliandika.

"Anauliza, hii mikutano inawachukua muda gani?"

"Saa mbili."

"Na bila mkutano mngelipa tu?"

"Hata tukiwa tumelala, mwanangu."

"Hata kila mtu kwa simu yake?"

"Hata kwa filimbi."

Jumwa alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Wakaenda zao. Baada ya miezi mitatu Kefa akaja na habari, na hakuketi. Wageni walikuwa wameandika ripoti nzuri, na kikundi cha Bombolulu kimetajwa kuwa mfano. Wanawake wa namna hii, ripoti ikasema, hawahitaji kuchungwa. Mikutano yawapotezea saa mbili za biashara. Kuanzia mwezi ujao kila mtu atalipa peke yake kwa simu, Jumanne kabla ya adhuhuri. Akichelewa, faini yake ni yake, na dhamana yake ni yake.

"Nawe?" nikamuuliza.

"Mimi nahamishiwa kazi nyingine, Bibi." Hakusema ipi.

Tulifurahi, msidhani hatukufurahi. Saa mbili! Kikapu nikakitupa uvunguni, kuku akataga humo. Januari ikaja na jua lake, Jumwa akauza, akalipa, akacheka. Mimi Januari ile nilikopa nje ili nilipe, nisimwambie mtu. Hapo ningezinduka. Sikuzinduka.

Kisha masika. Ilinyesha mwaka huo hata samaki wa Nyali wakatafuta pa kujisitiri. Nyaya zikaanguka, stima ikapotea siku nne. Nikaona maji mekundu yakitoka chini ya mlango wa Jumwa, nikashtuka nikidhani damu. Ubuyu. Barafu zote zilikuwa zimeyeyuka, naye yuko ndani akikamua tambara ndooni.

"Habari ya biashara, mwanangu?"

"Njema, Bibi."

Nami niliyeota meno kwa uongo, nikaamini.

Simu ilipolia kwake Jumanne, ililia kwake peke yake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, faini juu ya faini. Sikujua mpaka Alhamisi moja alipokuja akasimama mlangoni, mikono ndani ya leso.

"Bibi, Jumatatu wanakuja kuchukua friza."

"Mbona hukusema?"

"Ulinifundisha wewe. Mgeni haonyeshwi masizi."

"Mimi mgeni?"

Akageuka, akarudi chumbani kwake.

Nikakitoa kikapu uvunguni, nikamwondoa kuku, nikazunguka nacho mlango kwa mlango. "Habari, mwenzangu?" "Njema." "Habari ya kazi?" "Njema, tena njema sana," na mkono waingia kikapuni na kutoka bila mlio. Nafula peke yake ndiye aliyenambia kweli: naye ana faini ya wiki mbili, na dhamana yake ni kitanda anacholalia. Kumbe kila mmoja alikuwa akizama katika kisima chake. Niliporudi kuhesabu, hazikutosha hata faini.

Ijumaa nikapanda hadi Magongo, kwenye ofisi yao. Meneja ni mama mmoja aitwaye Gladys, mwenye adabu, akanipa kiti na maji. Nikamwambia, mwanangu, nilidanganya. Hapana aliyezaa kibarazani. Tulikuwa tukikosa kila wiki, kikapu kikizunguka mara mbili, wageni tukawaficha.

Akafungua kompyuta yake, akaigeuza nione, kana kwamba naona. "Bibi, hapa kuna miaka sita. Hakuna wiki iliyopungua. Vitabu haviwezi kudanganya."

"Vitabu ni sisi tuliovijaza."

"Naelewa wamtetea mwenzio. Hata mimi ningefanya hivyo." Akatabasamu. "Bibi, wewe jina lako limo humu, na hadithi yako ya mtoto. Mabosi waliipenda sana."

Miaka sabini na tatu nimesema uongo nikaaminiwa. Siku moja niliposema kweli, nikapewa maji ya kunywa.

Nafula alikuwa na namba ya Cheryl. Tukampigia. Alinikumbuka, akapiga kelele ya furaha, akaniuliza mtoto wa ngumi anaendeleaje. Nikamweleza.

"Lakini Bibi, tuliwauliza."

"Mlituuliza, mwanangu."

"Sasa nitado nini? Ile project tulimaliza kitambo, Katana alisharudi kwao. Nitawaandikia. Nitajaribu, Bibi. Pole sana." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu cha watu. Kama aliandika, hayakufika.

Jumatatu asubuhi pikapu ikasimama. Wakashuka wapakizi wawili, na nyuma yao Kefa. Hiyo ndiyo kazi aliyohamishiwa.

Jumwa alikwisha kulifuta lile friza. Barafu za mwisho alikuwa amewagawia watoto, nao walisimama uani wakilamba, hawajui walambacho. Nikajitupa mlangoni. Nikawaambia wale wapakizi friza lile lina jini, jini la bahari, mtu wa mwisho kuligusa mkono ulikauka ukawa kama dagaa. Mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Nikamtazama Kefa.

Kefa akainama kushika viatu vyake.

Nikasema moyoni, ndiyo, mwanangu, funga, funga taratibu, kikapu kizunguke. Lakini siku hizo alikuwa amepewa viatu vyeusi vya ofisi, na vilikuwa na kamba, na moja ilikuwa imefunguka kweli. Akaifunga. Akasimama bila kunitazama.

"Shikeni huku na huku," akawaambia. Kisha, kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Bibi."

Sikuitikia. Ni mara yangu ya kwanza kuacha shikamoo ya mtu ianguke chini.

Pale lilipokaa friza pamebaki mraba wa sakafu mpya, mweupe kuliko chumba kizima. Jumwa hakupawekea kitu. Sasa anafua nguo za watu Nyali, anatoka alfajiri, vidole vimekunjamana kama ukwaju wenyewe. Wenzetu wameniomba turudishe kikapu, nimekirudisha, lakini kila mtu adaiwa, na kikapu chazunguka mara mbili, mara tatu, chepesi vilevile.

Jumwa akipita kibarazani husimama, adabu yake hajaiacha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya kazi?"

Hunitazama kidogo, kama anayengoja nimwambie kitu.

"Njema," husema, na kwenda zake.