Msoma Wasifu wa Lizaboni

Ukifia Lizaboni, mambo mawili utafanyiwa utake usitake: utachimbiwa kaburi, na Eusebi Komba atakusoma. Kaburi lina wenyewe, vijana wa mtaa. Lakini kusoma wasifu wa marehemu ni kazi ya Eusebi tangu alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye nywele zote na macho yote mawili. Anasimama kando ya jeneza, anakohoa kidogo, anasema "Marehemu alizaliwa...", na hata yule aliyekuja kwa ajili ya wali anaacha kuchungulia jikoni.

Wapo wanaosema anawapamba mno marehemu. Wanamwonea. Eusebi hampambi mtu, anampiga pasi tu. Mlevi anakuwa "mtu aliyependa kukaa na wenzake". Mgomvi anakuwa "mtu asiyependa kuonewa". Waombolezaji wanatazamana, wanabana vicheko, lakini hakuna aliyewahi kusimama kupinga, maana kila mmoja anajua siku yake ya kupigwa pasi inakuja.

Kisha macho yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, Eusebi akaona hilo halimhusu mtu mwingine, akanyamaza. Akaendelea kusoma kwa kubahatisha. Kwenye msiba mmoja mtaa wa Mfaranyaki aliruka mjane mzima akatua kwa wajukuu, na mjane mwenyewe amekaa pale mbele kwenye mkeka.

Aliyegundua ni dada yake, Ekaristia. Huyu ndiye aliyemlea kijijini Maposeni baada ya mama yao kufariki, akamfundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye majivu ya jikoni. Baadaye akaja mjini akawa karani wa kupiga chapa serikalini mpaka alipostaafu. Alimfuata Eusebi nyumbani na kompyuta yake ya kupakata iliyochakaa, akaiweka mapajani mwake.

"Utaandika mwenyewe," akasema.

"Dada, sioni."

"Mimi nimepiga chapa maisha yangu yote bila kutazama mashine. Wewe unataka kutazama nini?"

Akamshika vidole, akavipapasisha vile vinundu viwili vilivyo kwenye vitufe vya F na J, na Eusebi, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, akachapwa kofi la mkononi kila alipokosea.

Kazi ya mitambo walimpa Hassani, fundi wa redio na kompyuta pale sokoni. Hassani ni Myao wa Nakapanya, na Eusebi ni Mngoni, na kwa kuwa hawa wawili walishakubaliana zamani kwamba ni watani, hawajawahi kusalimiana kama watu wenye akili timamu. Hassani aliisafisha ile kompyuta akaiwekea Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia na hata kuufumua.

"Bure kabisa?" Eusebi akauliza.

"Bure. Ndiyo maana nikamkumbuka Mngoni."

Mwanzoni alimwekea kikuza maandishi, maana jicho la kushoto lilikuwa bado linaona kivuli. Herufi zikawa kubwa kiasi kwamba neno "marehemu" halikuenea kwenye kioo, ikabidi Eusebi amfuate marehemu vipande vipande kutoka kushoto kwenda kulia. Kivuli nacho kilipoaga, Hassani akamwashia msomaji wa skrini aitwaye Orca. Unabonyeza mshale wa chini, Orca anakusomea mstari mmoja sikioni, kwa Kiswahili kikavu cha mtu mwenye mafua anayesoma tangazo asilolipenda. Eusebi alimchukia siku ya kwanza. Wiki iliyofuata alikuwa anamwita "mwanamke wangu", na Ekaristia anamwambia aone aibu.

Utaratibu wake ukawa huu: kompyuta juu ya stuli, kipaza sauti mkononi, kidude cha sikioni kinanong'ona mstari, naye anautoa kwa sauti yake nzuri. Mara ya kwanza kuujaribu mbele za watu ilikuwa msiba wa mzee Emiliani. Eusebi alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hurudia kila anachoambiwa.

"Marehemu alizaliwa kijijini Maposeni," akasema. "Mstari mtupu. Alifunga ndoa na kujaliwa watoto saba. Mstari mtupu."

Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Mambo yangeishia hapo, kama siyo kompyuta kuona vema kutoa taarifa zake yenyewe.

"Mwaka huu alianza kuugua, akalazwa, hali yake ikazidi kuwa mbaya," Eusebi akatangaza kwa huzuni kuu. "Betri inakaribia kuisha."

Padri mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu. Miezi mizima baadaye Hassani hakumwamkia kwa neno jingine ila "Betri vipi?". Ekaristia alicheka mpaka akaomba maji, na alipomaliza kucheka akawa mtu mwingine ghafla.

"Mimi nikifa utanisoma wewe," akasema. "Usimpe mtu mwingine. Ila chaji kwanza."

Hassani akamzimia yale matangazo yote, na Eusebi akajizoeza akiwa peke yake, asikie kwanza, achuje, ndipo aseme. Alikuwa anajiandaa kwa ajili ya siku ambayo hakuitaka ifike. Ikafika wakati wa kuvuna mahindi. Ekaristia aliumwa kifua, akaondoka kimya kimya kama alivyokuwa akiondoka ofisini.

Osmund, kifungua mimba wa Ekaristia, alikuja kutoka Dodoma kusimamia mazishi ya mama yake. Ni kijana mwema, tatizo lake alikuwepo kwenye msiba wa mzee Emiliani.

"Shikamoo mjomba. Tumeona wewe upumzike. Uko kwenye msiba mzito. Wasifu tumpe mtu mwingine."

"Mama yako aliniagiza mimi."

"Najua, mjomba. Lakini ile... betri."

"Nimechaji," akasema Eusebi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa dada yake. Jeneza wamelipia watoto, mchele umetoka kwa majirani, sala ni za padri. Yeye alikuwa na ule usomaji tu. Osmund alimtazama mjomba wake alivyoikumbatia ile kompyuta kifuani, akasema haya, sawa.

Hassani naye alikuwa kazini tangu asubuhi, maana mtani msibani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Alijifunga kitenge cha marehemu, akabinua midomo kama yeye, akazunguka uwanja mzima akipiga chapa hewani na kuwachapa makofi ya mikononi waliokaa vibaya. Wafiwa walilia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo ndilo lililomleta.

Eusebi akaanza kusoma. Alisoma vizuri kuliko wakati alipokuwa na macho. Akasimulia Maposeni, akasimulia majivu ya jikoni, hata Osmund akaacha kukunja ngumi. Ndipo Hassani alipomnyemelea kwa nyuma, akachomoa kwenye kompyuta waya wa kile kidude cha sikioni.

"Leo na sisi tumsikie huyo mwanamke anayekunong'oneza!"

Uwanja ukacheka. Osmund akanyanyuka, wazee wakamvuta akae, maana mtani hakatazwi. Eusebi hakujali. Akabonyeza mshale, na kipaza sauti kikaidaka sauti ya Orca kikaipeleka mpaka barabarani, kwenye bodaboda:

"Ameacha watoto, wajukuu, na mdogo wake Eusebi."

Watu wakasubiri Eusebi aurudie. Mstari huo aliuandika mwenyewe, akausikiliza siku nzima, lakini hakuwahi kuusikia mbele za watu. Akabonyeza mshale wa juu, kisha wa chini tena.

"Ameacha watoto, wajukuu, na mdogo wake Eusebi," ikasema kompyuta, kwa mafua yale yale.

Kidole hakikujua kingine cha kufanya. Kompyuta ikausema kwa mara nyingine. Hakuna aliyecheka sasa. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa nguvu huko nyuma.

Hassani akasogea, na kile kitenge kiunoni, akainamia kipaza sauti. "Ameacha watoto wajukuu na mdogo wake Eusebi," akasoma haraka haraka, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Eusebi akamgeukia.

"Umesoma vibaya, Myao wewe," akasema kwa sauti iliyojaa machozi. "Unakimbia kama babu yako alivyomkimbia babu yangu. Hapo unapumua kwanza. Dada hakunifundisha hivyo."

"Basi soma wewe."

Eusebi akapapasa stuli, akaweka mkono juu ya kile kinundu cha J, akauacha hapo.

"Ameacha watoto, wajukuu," akasema, akapumua, "na mdogo wake." Akapumua tena. "Eusebi."

Hassani akamchomekea tena waya wa kidude cha sikioni kwa mkono wake mwenyewe, akakaa chini miguuni pake mpaka wasifu ukaisha.