Wimbo wa mapenzi uliokaribia kuvunja ndoa Ikonge, na mlango ambao mwimbaji hakuingia

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi.

Mimi humu huwa nasoma tu na kunyamaza. Lakini hili nimelishuhudia mwenyewe, na mzee wa kanisa hana faida ya kuongeza chumvi. Wahusika wameniruhusu nisimulie, majina tu nimebadilisha.

Kanisani kwetu Ikonge kuna kijana, nimwite Nyabuto. Ni mwalimu wa kwaya. Alirekodi wimbo kwenye studio moja Kisii mjini, kwa Ekegusii, lugha yetu. Si wimbo wa ibada. Ni wa mapenzi, wa polepole, gitaa moja tu.

Ukashika. Ukipita sokoni Magwagwa, duka hili linaucheza, na la pili pia.

Kwa Kiswahili maneno yake ni kama haya:

Kila asubuhi naja mlangoni pako na kitu cha moto mkononi.
Majirani wananisalimu, naitikia.
Mlango uko wazi, lakini siingii.
Kohoa kidogo, kipenzi cha roho yangu, nijue bado uko.

Vijana wakajaza comments chini ya video. "Huyu msee amependa bibi ya mtu." Mwingine akajibu, "Mwenye nyumba akitoka na rungu, hiyo sauti itapanda zaidi."

Watu wakacheka. Kerubo, mke wa Nyabuto, hakucheka.

Wimbo ulitungwa wakati yeye yuko Nakuru kwa mafunzo ya kazi. Akaja kwangu, macho yamevimba.

"Mzee, mimi nilikuwa Nakuru. Huo mlango alikuwa anaenda kila asubuhi ni wa nani?"

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema ni wimbo tu. Sasa mtu wa wimbo tu anaangalia chini hivyo?"

Nguo alikuwa ameshapanga kwenye begi, arudi kwao Magwagwa. Nikamsihi asubiri kwanza Jumapili ipite. Akakubali kwa shingo upande.

Wazee wa kanisa tulipokaa, Mama Moraa, kiongozi wa akina mama, alikuwa ameshahukumu. "Sisi wanawake tunajua. Mwanamume akibeba uji asubuhi kupeleka nyumba nyingine, hiyo si injili." Kicheko kikapasuka, na mimi nikacheka. Lakini nikaomba muda kabla ya kumwondoa kijana kwenye kwaya.

Nikarudi nyumbani nikauweka wimbo kwenye simu. Nikausikiliza, nikaurudia. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

"Uzee huu ndio umeanza kusikiliza mapenzi? Umechelewa, mimi nilishakubali zamani."

Wakuu, nimefundisha watu Maandiko miaka mingi. Huwa nawaambia, usikimbilie kuuliza maneno yanasema nini. Uliza kwanza ni nani anayeyasema, na ni kitu gani asichokifanya. Kwa hiyo nikauliza: huyu mtu haingii, kwa nini? Mwizi wa mapenzi haji asubuhi akisalimiana na majirani. Na mlango ukiwa wazi, haachi kuingia.

Nikaomba, nikaendelea na shughuli.

Siku mbili baadaye nikapeleka ndizi kwa kijana wangu mkubwa anayeishi Sironga. Mkwe wangu akanipokea nje. "Tata," ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "mume wangu hajisikii vizuri, amelala." Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama palepale, nikapaza sauti, "Umeamkaje?" Kijana akaitikia kutoka ndani, nyuma ya pazia.

Hapo nikaukumbuka wimbo.

Kwa wasiotujua: kijana wa Mgusii akishaoa, baba yake hakanyagi ndani ya nyumba ya huyo kijana. Ni heshima yetu, tunaiita chinsoni. Hata sisi tuliookoka, wengi bado tunaishika.

Nikarudi Ikonge moja kwa moja, nikawakuta Nyabuto na Kerubo nyumbani. Boma ni la baba yake Nyabuto, mjane, nyumba yake iko hapo juu kidogo.

Nikamwambia, "Nyabuto, anayeimba ndani ya wimbo si wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unakohoa."

Machozi yakamtoka.

Kerubo alipokuwa Nakuru, nimonia ilimlaza Nyabuto. Kwenye simu alimwambia mkewe ni homa kidogo tu, asije akakatiza masomo. Baba yake, mzee ambaye hajawahi kushika mwiko wa kupikia maishani mwake, akawa anakoroga uji mwenyewe. Anauweka kizingitini, anasimama nje, anamwomba mwanawe akohoe.

"Nilikuwa natambaa kuufuata," Nyabuto akasema. "Siku moja nilimsikia analia. Mzee, mtoto atatangazaje kwa watu kwamba baba yake alilia mlangoni pake?"

"Mimi ni watu?" Kerubo akauliza.

"Ungemwangalia kwa huruma, naye angejua nimesema."

Kerubo akalitazama begi lake, nikaogopa. Mwisho akasema, "Na uji wenyewe ulikuwa umeiva?"

"Mabonge matupu."

Wakacheka wote wawili, huku wanalia. Nikamshukuru Mungu, nikaaga.

Wazee walipoelezwa, Mama Moraa ndiye aliyependekeza kijana abaki kwenye kwaya.

Mwezi huu nimepita pale. Wameongeza mabati mbele ya mlango, wakaweka benchi pana. Baba mkwe alikuwa ameketi hapo na kikombe cha chai, mvua inanyesha, hata tone halimfikii. Kerubo alikuwa ndani, ameegemea fremu ya mlango, wanabishana kuhusu bei ya majani chai. Kerubo ndiye aliyelipia mabati.

Nilichojifunza: upendo una sura nyingi kuliko ile tunayoiwaza kwanza. Na kabla hujahukumu shairi la mtu, vumilia kidogo umjue anayesema.

Nanyi wakuu, kuna wimbo mliwahi kuuelewa visivyo, hadi mkaujua ukweli wake? Niambieni, nasoma yote, ingawa miwani yangu ni ya polepole.