Risasi ya Pili

Kwa miaka kumi na mitatu Nyirangabo alimshukuru Mungu kwa jambo moja: kwamba mumewe hakuuawa na mtu aliyemchukia. Aliuawa na risasi iliyopotea. Hivyo ndivyo walivyokubaliana yeye na mama mkwe wake kule nyanda za juu za Kivu Kusini, siku walipokuwa wakihama na ng'ombe wachache waliosalia. Mapigano yalikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mtoto wao Isimbi, wa miaka saba, kiatu chake kilinasa kwenye matope, akaita. Baba akarudi, akapiga goti kumvisha. Kikasikika kitu kama fimbo kavu inayovunjika hewani, juu ya vichwa vyao, bila upande. Udongo ukaruka kando yake. Akainua kichwa kutazama. Fimbo ya pili ikavunjika, naye akaanguka chali.

Hakuna aliyesikia mlio wa bunduki. Hakuna aliyemwona mtu.

"Risasi haina macho," mama mkwe alisema walipomzika. "Ilikuwa inapita njia yake, ikamukuta mwana wangu."

Neno hilo walilibeba hadi kambini Burundi, wakakaa nalo miaka minane, kisha wakaja nalo Amerika. Lilikuwa jepesi kubeba kuliko chuki. Mama mkwe alipelekwa Buffalo kwa mwanawe mwingine, Theogene. Nyirangabo na Isimbi wakapewa nyumba ya ghorofa Newburg, kusini mwa Louisville, na msichana alipomaliza shule akahamia Columbus kusomea uuguzi.

Nyirangabo alipata kazi kwenye ghala linalouza vifaa vya walenga shabaha: darubini za kufunga juu ya bunduki, na sailensa, yale makopo marefu ya chuma yanayofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza kelele. Bunduki zenyewe hazikuwapo, na hilo lilimtosha. Alianza kwa kufunga maboksi. Mwaka wa pili wakamhamishia meza ya bidhaa zilizorudishwa na wateja, chini ya mzee mmoja wa Kentucky aitwaye Hollis, aliyewahi kushindana shabaha ujanani. Hollis aligundua kwamba mama huyu ana jicho. Mtu aliyelelewa akihesabu ng'ombe wa jirani kwenye kilima cha pili haoni shida kutambua kioo chenye ukungu pembeni.

Basi akamfundisha, naye akashika. Wateja wengi walikuwa na bunduki za shabaha zinazojipakia zenyewe, na kila mmoja alitaka darubini inayovuta mbali kuliko zote.

"Wanakosea," Hollis alimwambia. "Ukivuta mno, unaona kidogo mno. Bunduki yao haihitaji mkono kuipakia upya, kwa hiyo jicho linabaki kwenye kioo. Wachagulie kioo kipana, kinachowaonyesha risasi ya kwanza imeangukia wapi. Hapo wanarekebisha, na ya pili inafika."

Kuhusu sailensa alimwonya asichague kwa ukimya peke yake. Kwenye bunduki ya aina ile, kopo linalobana sana hurudisha moshi usoni mwa mpigaji na kujaza masizi ndani. Na oda ya sailensa inayokwenda New York airudishe, sheria yao inakataza. Nyirangabo aliyaandika yote kwenye daftari, akawa anawajibu wateja kwa simu kwa Kiingereza chake kifupi: chukua pana, utaona ya kwanza, utarekebisha ya pili. Alisema hivyo mamia ya mara. Hakusikia alichokuwa akisema.

Jumamosi moja ya Aprili, kampuni iliwapeleka wafanyakazi uwanja wa shabaha nje ya mji, waone vifaa vikitumika. Nyirangabo na wenzake wawili walipangwa kwenye handaki lililo chini ya shabaha, nyuma ya tuta nene la udongo, kazi yao kuzishusha na kuweka alama. Bunduki ilikuwa mita mia sita kutoka pale. Mpigaji wa kwanza hakuwa na sailensa: juu ya vichwa vyao hewa ilipasuka, na punde ukafuata mshindo kutoka mbali. Unaujua upande. Unajua mtu yuko wapi.

Kisha wakafunga sailensa.

Hewa ilipasuka kama fimbo kavu. Mshindo haukufuata. Udongo ukaruka kando ya shabaha, na kabla hujavuta pumzi, fimbo ya pili ikavunjika.

Nyirangabo alijikuta amelala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga. Wenzake walidhani amezimia. Hollis alipokuja, akamnywesha maji, naye akauliza swali moja tu.

"Kwa darubini ile, umbali huu, mtu unamwona namna gani?"

Mzee alifikiri ni swali la kazi. "Ukiwa na kioo kizuri unahesabu vifungo vya shati," alisema. "Unasubiri tu asimame. Anayetembea ni mgumu. Anayesimama ni wako."

Kuanzia siku hiyo chakula kilimshinda. Alijaribu kuirudisha risasi iliyopotea, ikakataa. Risasi iliyopotea haijirekebishi. Ya kwanza ilikosa, mtu akatazama ilikoangukia, akasogeza kidogo, akapiga tena. Alimwona Baba Isimbi akiinua uso. Aliuona uso wenyewe.

Agosti ilipofika, mwezi wa kumbukumbu ya mumewe, alimpitia bintiye Clintonville, kaskazini mwa Columbus, ili waendelee pamoja hadi Buffalo. Isimbi ndiye aliyeendesha. Alizoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akasema, "Mama, umekonda. Niambie kweli, daktari amesema nini?"

"Si ugonjwa."

"Basi ni nini?"

Alimbana hadi karibu na Cleveland. Nyirangabo alikuwa amebeba jambo lile miezi minne peke yake, na mtu aliyelemewa hutua mzigo popote penye nafasi. Akasema yote: handaki, fimbo kavu, vifungo vya shati, anayesimama.

Isimbi alipunguza mwendo, akahamia njia ya kulia. Alipofungua kinywa, alisema Kiswahili cha nyumbani, chenye Kifaransa ndani.

"Donc, kumbe alituona."

"Alimuona baba yako."

"Baba alikuwa anatembea, mama. Alisimama sababu ya mimi. Ule mtu alikuwa anangoja asimame, mimi nikamusimamisha."

"Ulikuwa mutoto. Kiatu kilinasa."

"Nikamuita."

Nyirangabo alinyoosha mkono, akamshika bega. Maneno ya Hollis alikuwa amekwisha kuyatoa kwa mdomo wake mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki.

Buffalo walikuta ndugu wamejaa sebuleni kwa Theogene. Waliimba, wakala, kisha mama mkwe akaomba, macho amefumba, mikono miwili juu: "Asante Mungu, mwana wangu hakuwa na adui. Asante, hakuna mutu wa kulaani." Wote wakaitikia amina. Isimbi aliinuka katikati ya sala, akatoka nje.

"Mama Isimbi, mutoto iko na nini?" mama mkwe aliuliza.

"Amechoka na njia, mama."

Asubuhi Isimbi aliacha ufunguo wa gari la mama yake mezani, akapanda basi peke yake kurudi Columbus. Oktoba aliacha masomo. Akipigiwa simu alijibu maneno matatu, Kiingereza kitupu: yuko salama, yuko kazini, atapiga. Hakupiga.

Nyirangabo aliomba kuondolewa kwenye meza yake. Hollis alisikitika, akauliza kama amemkosea. "Hapana, mzee, umenifundisha vizuri," alijibu, na ilikuwa kweli. Akaenda kiwanda cha vipuri vya magari. Mchungaji Bulonza wa kanisa lake alimwambia asamehe. Alijaribu. Lakini zamani alisamehe kipande cha chuma, sasa kila akipiga magoti alimwona mtu aliyelala majanini, ametulia, hana haraka, jicho kwenye kioo.

Mama mkwe alifariki Februari, theluji ikiwa hadi magotini. Theogene alisema mama alikwenda akishukuru, na Nyirangabo akaona hilo ndilo jambo moja ambalo hakuliharibu. Isimbi alikuja mazishini, akasimama ng'ambo ya kaburi na shangazi zake, akaondoka kabla ya chakula.

Akirudi Louisville, Nyirangabo alipita Clintonville akiwa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyoiweka kwenye bakuli la plastiki. Ilikuwa saa nane mchana. Akapiga simu akiwa mlangoni.

"Niko kazini, mama."

Gari la Isimbi lilikuwa uani, kioo chake kimefutwa theluji asubuhi hiyo. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, sauti ile ile ya kwenye simu ilikuwa ikisema maneno yale yale.

"Bon," Nyirangabo alisema. "Kazi njema."

Aliweka bakuli kizingitini, akalifunika vizuri, akarudi barabarani.